Nani atakaa na mama ili baba apumzike?



Mwezi wa tano 2025, Mkutano wa Afya Duniani uliongeza muda wa mpango wa dunia juu ya demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu ya mtu kidogo kidogo. Mpango ulianza 2017 na ungeisha 2025; sasa utaendelea hadi 2031. Lengo lake moja lilikuwa nchi 75 kwa kila 100 ziwe na mafunzo na msaada kwa jamaa wanaotunza wagonjwa. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani (OMS) ya 2021 ilionyesha kwamba ni nchi moja tu kwa kila nne iliyokuwa na mpango wa taifa.

Hapa Mokambo, tunachokiona ni mzee mmoja wa kanisa letu. Miaka mingi alikuwa deklaranti mpakani, na mke wake aliuza unga. Leo mama anaamka saa nane ya usiku, anafunga kitenge, anataka kwenda sokoni, na barabara ile ni ya malori ya Zambia. Kwa hiyo mzee analala ameegemea mlango. Anamwosha, anamlisha, anajibu swali moja mara ishirini. Majirani walinong'ona habari ya uchawi, wageni wakapungua.

Siku moja aliniambia, “Pastere, mke wangu nampenda. Lakini kuna siku naomba kulala tu.” Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetubu dhambi.

Hapo nilitambua kosa letu. Tulikuwa tukimtembelea, tena mara nyingi. Tulifika watu nane, tukaimba, tukaomba, tukanywa soda alizotununulia, tukaaga. Mama alishtushwa na kelele, usiku hakulala, wala mzee hakulala. Tulimwongezea mzigo, kisha tukaandika katika ripoti ya kanisa kwamba tumemfariji.

Wengine wanasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. OMS inahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 55, na zaidi ya 60 kwa kila 100 kati yao wanaishi katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliwakuta wagonjwa wapatao 6 kwa kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi. Jamaa anayetunza hutumia wastani wa saa 5 kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wanawake. Mume anayeifanya huona haya hata kuomba msaada.

Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain, na ni vema mgonjwa apimwe. Lakini daktari hatakuja kukaa nyumbani kwako siku ya Jumanne. Kanisa linaweza.

Katika Kutoka 17, Haruni na Huri hawakumhubiria Musa habari ya uvumilivu. Walimtafutia jiwe akae, wakaitegemeza mikono yake. Kukaa kwake hakukuwa kukimbia vita. Vivyo hivyo, kumpumzisha mtunzaji si kumtupa mgonjwa. Mtunzaji aliyechoka kupita kiasi huanza kupaza sauti, hata kuinua mkono.

Basi tulibadilisha. Wamama wawili, daima walewale, wanafika Jumanne na Ijumaa, saa tatu hadi saa sita. Majuma mawili ya kwanza mzee alikaa nao, ili mama azoee sura zao. Wanakuja wamekwisha kula. Hawabishani na mama anapotaka kwenda sokoni; wanamwomba kwanza awasaidie kuchagua maharagwe, kwa maana mikono yake bado inakumbuka kazi. Wanaimba naye nyimbo za zamani kwa sauti ya chini. Mzee anatoka, na hakuna anayemwuliza anakwenda wapi.

Siku ya kwanza hakufika mbali. Alilala saa tatu nzima kwenye kiti nyuma ya nyumba yangu, viatu vikiwa miguuni.

Wandugu wa makanisa yote ya mashariki, kabla ya kutangaza tena ziara ya wagonjwa Jumapili, ulizeni: katika nyumba ile, nani hajalala? Kisha chagueni watu wawili na siku moja ya juma, na msiikose.

Bwana awape nguvu wanaotunza.