Gitare basi nyumbani: tununue bafle gani?

Juma lililopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja wetu alinishika mkono akanivuta kando. Zamu yake ya likelemba imekaribia, na kijana wake anayepiga gitare basi katika korali amemwomba bafle. Siyo ndogo: ni ile kubwa yenye taa za rangi zinazozunguka, inayopangwa mbele ya duka. "Mwalimu, ninunue ama niache?" Nikamwambia angoje gazeti letu, kwa sababu jibu ni refu, na kwa sababu nyumbani kwangu tumeisha kulipa minervali ya somo hili.

Binti yangu ana miaka 15, naye anapiga basi. (Wanaosema basi ni kazi ya wanaume waje kumsikiliza siku ya Mungu.) Gitare ni ya korali, anaruhusiwa kuileta nyumbani siku tatu kwa juma. Mwanzoni alifanya mazoezi makavu, bila umeme wowote. Lakini gitare basi haina tumbo kama gitare ya mbao. Bila ampli unaisikia kwa shida. Basi mtoto akawa anavuta nyuzi kwa nguvu zake zote apate kujisikia. Baada ya mwezi vidole vilikuwa na malengelenge, na kifundo cha mkono kilimuuma hata kushika kalamu. Mimi ndiye mwalimu wake. Niliona maandishi yake yameharibika, nikadhani ni uvivu, nikamkaripia mbele ya wenzake. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha nikaongeza kosa lingine. Tuliunganisha gitare na radio ya nyumba kwa waya, tukapandisha sauti. Siku ya pili karatasi ya spika ikapasuka. Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza mafundi na kusoma.

Sababu yake ni hii. Uzi mnene wa basi, ule wa mi, hutetema karibu mara 41 kwa sekunde. Ili sauti nzito namna hiyo itoke, spika lazima isukume hewa nyingi. Inahitaji upana, inahitaji na sanduku. Spika ya telefone haiwezi. Unachosikia pale ni sauti za juu za uzi, uzito wake haumo. Spika ya radio inajaribu, na ukiilazimisha inapasuka. Ndiyo maana ampli nyingi za mazoezi ya basi zina spika ya inchi 8 ama 10. Ukiazima ampli ya gitare solo, itakusaidia kwa sauti ya chini tu.

Sasa turudi kwa ile bafle ya taa. Kwenye karatoni imeandikwa wati 3000. Tuifanyie hesabu. Batri ya volti 12 na ampe-saa 7, ambayo wengi wetu tunayo chini ya pano ya jua, ina wati-saa 84. Kama bafle ingekula wati 3000 kweli, batri hiyo isingefika hata dakika mbili! Geuza bafle, utafute kibandiko kidogo nyuma, uzidishe volti na ampe. Volti 15 mara ampe 2 ni wati 30. Hiyo ndiyo namba ya kuzungumza na mwenye duka.

Tena batri ya asidi haipendi kumalizwa. Tuhesabu nusu yake, wati-saa 42. Ampli inayokula wati 10 itatembea saa nne. Inayokula wati 30 haitafika saa moja na nusu, na hapo bado taa ya wadogo kusomea na telefone ya baba. Kwangu taa inatangulia.

Muuzaji atakuambia pia kwamba bafle inashika Bluetooth. Kwa kusikiliza nyimbo ni vizuri. Kwa kupiga gitare hapana: sauti inachelewa kidogo, kidole kimeshapiga na sauti bado iko njiani. Mtoto atajifunza kukosa mwendo. Waya ndiyo dawa.

Mwishowe sisi tulinunua kaske, ile inayofunika sikio zima, pamoja na kiampli kidogo cha kaske kinachochomekwa ndani ya gitare. Kaske peke yake haitoshi, maana umeme wa gitare ni mdogo mno. Chetu kinatumia mapile mawili madogo, na kina tundu la kuunganisha telefone, hivyo binti anaweka rumba ya zamani ya TPOK Jazz na kumfuata Decca Mpudi kwenye basi, polepole, mara kumi, mara ishirini. Jirani yetu bibi, ambaye ni mgonjwa, analala. Sauti nzito hupita ukuta wa matofali kama hakuna ukuta. Ninamkataza tu kupandisha sauti sana, na kila nusu saa masikio yanapumzika. Mkono wake umepona. Havuti tena nyuzi kama anachota maji kisimani.

Kama pesa haipo kabisa, jaribuni hivi: aegemeze kichwa cha gitare kwenye kabati ama mlango wa mbao. Mbao inabeba sauti, utashangaa. Wala msidharau fundi wa radio. Konono N°1 wa Kinshasa walitengeneza mikro za likembe zao kwa sumaku za vyuma vya gari, na sauti ile ilizunguka Ulaya.

Kwa hiyo, mama yangu, bafle kubwa waachie korali, wainunue kwa mchango. Kijana mnunulie kaske na kiampli, fedha itakayobaki uweke kwa batri. Usinunue bila kubeba gitare mpaka dukani na kupiga ule uzi mnene peke yake: ukisikia mlio wa karatasi, rudisha.

Alhamisi binti yangu atakuja na gitare kwenye mkutano. Kaske nitaileta mimi, kila mama aivae kidogo ajisikilizie.