Masega ya Malori Yasiuzwe Ovyo

Wako watu siku hizi wafanyao biashara ya kununua masega ya magari, yaani kile chombo kikaacho katika bomba la moshi, ambacho ndani yake mna vitundu vingi vidogo mfano wa sega la nyuki. Watu hao hutoa fedha taslimu, na pamoja na fedha hutoa maneno matamu: kwamba lori likitolewa masega litaongeza nguvu, litapunguza ulaji wa mafuta, wala halitasumbua tena. Kwa mwenye lori moja la kuchukulia mpunga na mahindi kutoka Tindiga kwenda Kilosa au Mikumi, maneno hayo si madogo. Mafuta ni ghali, na msimu wa mavuno ni mfupi. Kwa hiyo yafaa tulipime jambo hili kwa haki.

Kwanza tuseme lililo kweli. Sega lililoziba huibana injini. Moshi hukosa njia, na mlima mdogo hulishinda gari. Sega hilo likitolewa, nguvu hurudi. Lakini sega haliwi limeziba pasipo sababu. Huziba kwa kuwa injini inakula oili, au nozeli hazipulizi dizeli sawasawa. Na katika malori ya miaka ya karibuni, ambayo yana chujio la masizi pamoja na sega, chujio huziba kwa kuwa gari latambaa kila siku kwa mwendo mdogo, na moshi wake haupati joto la kutosha kuyaunguza masizi yale. Hili la mwisho lawahusu sana ndugu zetu wa Tindiga, ambao magari yao huhangaika katika tope la mbuga. Hata hivyo dawa yake ipo. Mara nyingi lori likiendeshwa nusu saa kwa mwendo ulio sawa juu ya lami ya barabara kuu ipitayo Mikumi, chujio hujisafisha lenyewe. Likikataa, hufunguliwa likasafishwa. Fundi atoaye sega na kuiacha injini ilayo oili amenyamazisha kengele tu, moto ameuacha.

Ama sega lililo zima, kulitoa hakuleti faida ya kutambulika. Injini za sasa zina vipimo vya moshi ndani ya bomba. Vikiona kasoro, taa huwaka mbele ya dereva, na katika malori mengine kompyuta huipunguza nguvu ya injini kwa makusudi. Hapo mwenye gari humlipa fundi wa pili kuidanganya kompyuta. Na mwenye lori la zamani sana atazame kwanza chini ya gari lake, maana malori mengi ya zamani hayakuundwa na masega kabisa.

Sasa tumtazame mnunuzi. Yeye hanunui chuma; anunua platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yaliyopakwa ndani ya vitundu vile. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja. Afrika Kusini ndiyo itoayo platinamu na rodiamu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Basi huenda madini hayo yalichimbwa na wafanyakazi Waafrika, yakapelekwa Japani, yakaturudia ndani ya gari lililokwisha tumika, na sasa yaondoka mara ya pili kwa bei apangayo mnunuzi peke yake, kwa sababu muuzaji hana chombo cha kuyapimia. Akitaka kesho kurudisha sega jipya, ataulizwa bei isiyofanana kamwe na ile aliyopewa.

Tena kuna wale wasiopata hata senti katika biashara hiyo. Kazi ya sega ni kugeuza hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua, pamoja na mabaki ya mafuta yasiyoungua. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa yakini. Auvutaye moshi huo ni utingo, ni mpakiaji, ni mama auzaye vyakula kando ya barabara pale Mikumi, yasimamapo malori yaendayo Iringa, Mbeya na Zambia.

Zamani palikuwa na udhuru kwamba mafuta yetu yaliharibu masega. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Udhuru huo umekwisha. Onyo moja tu twalitoa kwa madereva: sega huwa na moto mkali, basi gari lisiegeshwe juu ya nyasi kavu wala mabua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na kanuni za ubora wa hewa za 2007 zipo. Twaomba wakaguzi watazamao breki na taa wainame pia watazame bomba la moshi. Na kwa kuwa masega huibwa hata katika magari yaliyoegeshwa, kila mnunuzi alazimishwe kuandika katika daftari namba ya gari lililotoa sega, jina la aliyeliuza, na bei aliyomlipa.