Usugu Hauanzi Jikoni

Ukishika jembe siku nyingi kiganja chako huota sugu, yaani ngozi ngumu isiyohisi tena maumivu. Ndiko tulikopata neno usugu wa dawa. Mfano huo una kasoro moja: kiganja hubaki kilekile, ilhali dawa inapowashambulia bakteria, walio dhaifu hufa na wachache walionusurika huzaana.

Hapa Uganda mfugaji wa kuku wa nyama hufuga kundi lake kwa wiki chache tu. Kuku watatu wakikohoa, hukimbilia duka la dawa za mifugo, akanunua antibiotiki na kuitia katika maji ya banda zima, wazima na wagonjwa. Simlaumu sana, daktari wa mifugo yu mbali na mkopo haungoji. Lakini bakteria sugu hubaki matumboni mwa kuku, na siku ya kuchinja utumbo ukipasuka, nyama huchafuka.

Mwaka 2015 wanasayansi nchini China walitangaza kuwa wamegundua jeni iitwayo mcr-1, inayowawezesha bakteria kuihimili kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana. Waliikuta katika sampuli 78 kati ya 523 za nyama mbichi ya nguruwe na kuku. Kolistini ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ili wanenepe upesi. China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulikwisha kukataza antibiotiki zote za kunenepesha tangu mwaka 2006.

Sisi twamwelekea mpishi: ivisha nyama vizuri, safisha ubao wa kukatia, usioshe kuku mbichi kwani matone huruka na kusambaza bakteria. Ushauri ni sahihi, maana moto huwaua hata walio sugu. Hata hivyo, naona ni dhuluma kumtwika mpishi mzigo uliofungwa dukani. Tena kinyesi cha kuku hutumika kama mbolea ya mchicha, hivyo hata asiyekula nyama hajasalimika.

Basi bajeti ya kaunti yenu ndogo itakaposomwa mbele ya wananchi, nyoosha mkono. Uliza kuna madaktari wangapi wa mifugo, chanjo za kuku zimetengewa kiasi gani, na maduka ya dawa yalikaguliwa lini.