Amenenepa, Basi Amepona?

Mtu akiugua muda mrefu, kisha akarudi mtaani mashavu yamejaa, hukumu hutolewa pale pale kibarazani: "Dawa zimemkubali." Hakuna aliyeona majibu ya vipimo vyake, wala anayejua anameza nini. Shavu limeshatosha kuwa ushahidi. Imani hii ina nguvu kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe, nguo zikianza kumbana na magoti yakimuuma, huona haya kulalamika. Atalalamikaje na watu wanampongeza?

Ilikotoka najua. Walioishi Kagera na Uganda miaka ya 1980 waliona UKIMWI ukiwakausha watu; Waganda waliuita Slim. Kukonda kukawa tangazo la msiba, kunenepa kukawa habari njema. Tena mgonjwa aliyedhoofu anapoanza ARV, kilo za mwanzo zinazorudi ni haki yake. Ninachopinga ni kuendelea kushangilia kila kilo inayofuata, miaka imepita, virusi vimeshafubazwa zamani.

Johannesburg kulifanyika utafiti uitwao ADVANCE, na matokeo yake ya wiki 48 yakatoka mwaka 2019. Watu zaidi ya 1,000 waliokuwa wakianza ARV waligawanywa makundi matatu. Mawili yalipewa dolutegraviri, kila moja na aina yake ya tenofoviri. La tatu likapewa efavirenzi, dawa ya zamani. Kwenye kufubaza virusi, makundi yote yalikaribiana. Kwenye mzani yaliachana mbali: wanawake wa kundi moja la dolutegraviri waliongezeka wastani wa kilo 6.4, wa kundi la pili 3.2, wa efavirenzi 1.7, na wanaume waliongezeka pungufu ya hapo. Kama unene ndio dalili ya dawa kukubali, basi wanawake wa kundi la kwanza walipona karibu mara nne ya wale wa kundi la tatu. Thubutu! Anayetaka kujua kama ARV zinafanya kazi apimwe wingi wa virusi. Mashavu yake yaachwe. (Na asije mtu akasema nimewaambia watu waache dolutegraviri. Ni dawa nzuri, inayookoa watu kila siku.)

Na si ARV peke yake. Olanzapini, wanayopewa wengi wenye maradhi ya akili, huziba vipokezi vya histamini na serotonini kwenye ubongo, vile vinavyohusika na hamu ya kula na kushiba. Mgonjwa anamaliza sahani na bado anahisi hajala. Prednisoloni huchochea njaa, tena huhamishia mafuta usoni na shingoni, ndipo watu wanaposema amependeza. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, wengine haiwagusi. Wapo hata wanaoyanunua madhara hayo kwa fedha zao: vidonge vya deksamethasoni na siproheptadini huuzwa kwa siri kama dawa za kunenepesha, na mnunuzi hapati onyo lolote kuhusu presha, sukari wala mifupa.

Sasa subirini kilo zivuke kile kiwango ambacho mtaa unakipenda. Wale wale waliosema dawa zimemkubali watageuka waseme amejiachia, mlafi, hajui kufunga mdomo. Jana sifa ilikuwa ya dawa, leo lawama ni yake. Lakini njaa ya dawa ni njaa kweli, na kumwambia mtu ajikaze ni kumtuma kupigana na ubongo wake akiwa mikono mitupu. Mwisho wake mnaujua: anaacha dawa kimyakimya. Wa olanzapini anaweza kurudi wodini. Wa prednisoloni aliyeizoea kwa muda mrefu yuko hatarini zaidi, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zilishapunguza kazi yake na haziamki kwa siku moja.

Kuna mambo madogo yanayosaidia, na hayahitaji poda wala chai ya kupunguza tumbo inayotangazwa kwenye simu. Mgonjwa akipakua kwenye sahani yake badala ya kuchota kwenye sinia, ataona alichokula. Aanze na maharage, mboga na dagaa, ugali ufuate, kwa kuwa hivyo hushibisha mapema na kwa muda mrefu. Soda na sukari ya chai ndizo za kwanza kukatwa. Huingia bila tumbo kuhesabu. Asiruke mlo wa mchana akidhani anabana, maana saa mbili usiku njaa ya dawa itamdai yote kwa mkupuo. Hayo hayatamrudisha alivyokuwa, ila yanaweza kupunguza kasi.

Palipobaki ni kliniki. Uzito huandikwa kwenye kadi, kadi hukunjwa, mgonjwa huitiwa dirisha la dawa. Aliyeandika asome pia na kilo za nyuma. Kilo tano ndani ya miezi mitatu ni sababu ya kuongea, kupima sukari na presha, na pengine kubadilisha dawa au dozi, kazi ambayo ni ya daktari, si ya jirani. Mgonjwa naye aulize siku ya kwanza kabisa: dawa hii inaongeza hamu ya kula? Nikiongezeka kilo ngapi nirudi? Muuguzi akikosa jibu, mgonjwa amsubiri daktari.