Ziba sikio, punguza sauti

Wadau, reli inayofuata njia ya zamani ya misafara ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kelele za mabehewa tumezizoea, ila wengi tunazishinda kwa kuongeza muziki. Hapo ndipo tunapoua masikio, na seli za kusikia zikifa hazioti tena.

Mimi nasema usinunue jina wala besi. Tafuta spika za masikioni za bei poa zenye vimpira laini vya saizi tofauti, ujaribu mpaka sikio lizibe vizuri. Kelele ikibaki nje, sauti ndogo inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki.

Ila ukivuka barabara, zitoe zote. Bodaboda hazisubiri wimbo uishe. Au mnasemaje?