Kujaza Chupa Siyo Kutengeneza Kinywaji

Si jambo geni siku hizi kusikia ikisemwa katika mikutano na maonyesho ya biashara kwamba Tanzania imekwisha kujitosheleza kwa vinywaji baridi. Kwa jicho la mpita njia majigambo hayo yana haki yake. Mitambo inazunguka Dar es Salaam, Moshi, Arusha, Mwanza, Mbeya na Shinyanga. Majina makubwa ya kigeni, Coca-Cola na Pepsi, yanashindana rafu moja na majina ya hapa nyumbani kama Azam, Mo na Jambo. Zipo shule vijijini ambako chaki huchelewa muhula mzima, lakini duka lililo jirani na lango la shule hiyo halijawahi kukosa soda.

Wananchi wenye umri wa kutosha wanafahamu kwamba hali haikuwa hivyo daima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada ya bei ya mafuta kupanda na fedha za kigeni kuadimika, viwanda vingi vya nchi hii vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake, na vile vya vinywaji havikusalimika. Aliyekuwa na harusi alitafuta kibali ili apate kreti chache. Asiyekuwa na chupa tupu mkononi hakuuziwa chupa iliyojaa. Walanguzi walifaidi, mpaka ilipofika 1983 Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi wa kizazi kile wanakumbuka foleni na vibali, lakini wachache wanakumbuka sababu. Mitambo ilikuwapo. Wafanyakazi walikuwapo na maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni vile vitu ambavyo lazima vinunuliwe ng'ambo kwa fedha ambazo nchi haikuwa nazo.

Swali linalostahili kuulizwa leo, wakati rafu zimejaa, ni hili: je, sababu ile imeondolewa, au imefunikwa tu kwa muda na urahisi wa kuagiza?

Jibu linapatikana kwa kuichambua chupa moja ya soda. Sehemu kubwa kabisa ya kilichomo ni maji, nayo ni ya hapa. Ile gesi inayochemka mtu afunguapo kizibo nayo yaweza kuwa ya hapa. Ardhi ya Rungwe, katika Mkoa wa Mbeya, hutoa hewa ya kaboni kutoka chini bila kuchomwa wala kutengenezwa, na kampuni ya TOL Gases huivuna, huisafisha na kuiuzia viwanda vya vinywaji vya ndani na vya nchi jirani. Hiyo ndiyo kampuni ya zamani ya Tanzania Oxygen, ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni wanywaji wangapi wa soda wanaojua kwamba mapovu yale yametoka Unyakyusani? Walimu wa jiografia wangefanya vema kuwaeleza wanafunzi wao. Chupa ya kioo vilevile ina uenyeji wake, kwa kuwa kiwanda cha Kioo cha Dar es Salaam kimekuwa kikiifyatua kwa miongo mingi na kuiuza hata nje ya mipaka. Chupa ya plastiki, ambayo sasa inaifukuza ile ya kioo madukani, malighafi yake huja kwa meli. Aidha, chupa ya kioo hurudi kiwandani ikaoshwa na kujazwa tena mara nyingi, ilhali ya plastiki huishia mtaroni.

Hadi hapo hesabu si mbaya. Inaharibika inapofika kwenye sukari.

Kreti moja ya chupa 24 za mililita 350 ni lita 8.4 za kinywaji. Soda ya kawaida ina gramu kumi hivi za sukari katika kila mililita 100. Kwa hiyo ndani ya kreti moja mna sukari inayokaribia kilo nzima. (Daktari atasema hiyo ni sababu ya kuinywa kwa kiasi, na hakosei.) Ukizidisha kilo hiyo kwa idadi ya kreti zinazopakiwa kila siku katika magari ya mizigo nchini kote, utaona kwamba kiwanda cha soda, kwa upande wa malighafi ya shambani, ni kiwanda cha sukari iliyoyeyushwa. Nchi hii inalima miwa TPC Moshi, Kilombero, Mtibwa na Kagera, na tangu 2022 Bagamoyo pia. Hata hivyo, kwa miaka mingi sukari iliyoingia katika soda imekuwa ikiagizwa kutoka nje, zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka kwa mahitaji ya viwanda vyote.

Sababu inayotajwa ni kwamba sukari ya viwandani si sawa na sukari ya mezani. Ni kweli. Sukari ya mezani ina rangi na mabaki madogo ya miwa ambayo katika chai hayana neno, lakini katika kinywaji kisicho na rangi huonekana, na huweza kufanya utando chupani. Lazima isafishwe mara ya pili. Lakini usafishaji huo si siri ya Wazungu. Ni mtambo unaonunuliwa na kufungwa kama mitambo mingine. Wenye mashamba ya miwa kwa miaka mingi hawakuwa na haraka ya kuununua, na ukweli ni kwamba hesabu haikuwashawishi. Sukari ya mezani imewekewa kinga kubwa ya ushuru dhidi ya ile ya nje, na soko lake halijashiba. Sukari ya viwandani, kinyume chake, imeruhusiwa kuingia kwa ushuru ulioshushwa chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kuwasaidia wenye viwanda. Mfanyabiashara gani mwenye akili timamu atatumia mabilioni kusafisha sukari kwa mara ya pili ili akashindane na inayoingia kwa ushuru mdogo, wakati ile aliyoisafisha mara moja inanunuliwa yote mlangoni?

Serikali ilipogundua kwamba baadhi ya sukari iliyoagizwa kwa jina la viwanda ilikuwa ikipenya hadi sokoni, iliwatoza waagizaji asilimia 15 ya ziada, irejeshwe baada ya mtu kuthibitisha kwamba sukari yake imetumika kiwandani. Nia ilikuwa njema. Utekelezaji ulizaa malalamiko ya miaka kadhaa kwamba fedha hazirejeshwi kwa wakati, na mitaji ikalala Hazina badala ya kununua mashine. Mwaminifu akaadhibiwa kwa sababu ya mwizi, na huku hakuna hata muwa mmoja wa ziada uliopandwa kwa ajili ya utaratibu huo. Mkazo wote uliwekwa katika kumchunga mwagizaji, na haja ya kuagiza ikaachwa ilivyo.

Linalofaa ni jambo jingine kabisa. Nafuu ya ushuru kwa sukari ya viwandani itangazwe kuwa ina mwisho, na mwisho huo ujulikane miaka mitano au sita kabla. Ipungue hatua kwa hatua kadiri mitambo ya kusafisha inavyofungwa, na mwenye shamba la miwa anayetaka kuendelea kukingwa katika sukari ya mezani atakiwe kuonyesha tani ngapi za sukari ya viwandani amezitoa. Anayekingwa na taifa ana deni kwa taifa. Wenye viwanda vya soda watasema bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo kwa muda, nao wanao haki ya kudai kwamba sukari ya ndani iwe safi na ifike kwa wakati. Lakini hawana haki ya kudai kwamba nafuu ya muda iwe ya milele.

Upande wa matunda mambo yanasikitisha zaidi, kwa kuwa huko malighafi ipo na inaoza. Kila msimu machungwa ya Muheza huiva kwa pamoja, na mkulima huuza kwa bei atakayotaja dalali aliyekuja na lori, mara nyingi la kwenda Kenya. Mananasi ya Kiwangwa na maembe ya Mkuranga hayana bahati iliyo bora sana. Papo hapo, katika maduka ya miji hiyohiyo, zipo paketi za juisi ya chungwa iliyokolezwa nchi za mbali, ikaletwa katika mapipa, ikaongezwa maji na kupewa picha ya chungwa linalong'aa.

Sheria ya kodi kwa kweli imejitahidi. Katika bajeti za katikati ya muongo uliopita, ushuru wa bidhaa kwa juisi ya matunda yaliyolimwa nchini haukufika shilingi 10 kwa lita, ilhali juisi iliyoagizwa ilitozwa zaidi ya shilingi 200. Hata hivyo, ushuru mdogo hauhifadhi chungwa. Kiwanda kinahitaji juisi ya namna moja Januari na Agosti, na chungwa halisubiri. Baina ya shamba na kiwanda cha paketi panahitajika mtambo wa kukamua na kukoleza, ambao hugeuza lita saba hivi za juisi kuwa lita moja nzito inayoweza kuhifadhiwa hadi msimu mwingine. Kiwanda cha Bakhresa kilichozinduliwa Mwandege, Mkuranga, mwaka 2016 kimeonyesha kwamba kazi ya kusindika matunda yawezekana hapa. Lakini kiwanda kimoja kikubwa cha Pwani hakiwezi kuwa jibu la Tanga, Tabora na Morogoro. Ushirika wa wakulima, ukikopeshwa kwa masharti ambayo mkulima anaweza kuyabeba, ungeweza kumiliki mtambo wa kati karibu na mashamba, ukauza juisi nzito kwa mkataba kwa yeyote anayejaza paketi.

Wapo pia wale wadogo, hasa akina mama, wanaotengeneza juisi ya ubuyu, ukwaju na rozela kwa mafunzo ya SIDO, shirika lililoundwa 1973 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Tangu 2019 kazi ya kukagua vyakula imekabidhiwa TBS, hatua iliyopunguza idadi ya milango ya kubishwa. Bado afisa anayemkagua mama mwenye sufuria tatu kwa fomu ileile ya kiwanda chenye mitambo ya mamilioni hajafahamu kazi yake.

Watumishi wa umma wanaweza kuanza mapema kuliko Bunge. Katika kila semina ya wizara, kila kikao cha halmashauri na kila mahafali ya shule, meza hupambwa kwa soda na juisi za paketi zilizolipiwa kwa fedha za wananchi. Afisa ugavi anayeandika zabuni hiyo anao uwezo wa kutaka juisi ya matunda ya nchini, yenye alama ya ubora, na kumtaka mzabuni aonyeshe yalikonunuliwa. Sheria ya ununuzi imekwisha kutoa upendeleo kwa bidhaa za ndani. Machungwa ya Muheza yatakomaa tena katikati ya mwaka, na zabuni za mwaka mpya wa fedha huandikwa kabla ya hapo.