Darubini Baadaye, Risasi Kwanza
Jumamosi nimelenga shabaha na bunduki yangu mwenyewe, Ruger 10/22, ile ya risasi ndogo za .22 inayouzwa huku Marekani tangu 1964. Haipigi teke, na magazini yake ya risasi 10 inazama yote tumboni. Ila kifyatulio kizito, na mita 50 risasi nyingi hazikugusa hata karatasi! Washkaji wananiambia funga darubini, badili kifyatulio. Nabisha. Mbovu ni mkono wangu, bana. Hela hiyo nanunulia risasi nifanye mazoezi. Sisi walimu watarajiwa tunajua kalamu mpya haimfaulishi mtu. Darubini labda Desemba. Bunduki inalala kabatini kwa anko, si bwenini. Bi mkubwa kule Tanga bado sijamwambia.